Dawe na Mlango wa Ujiji

Jumamosi. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuchoma kisogo. Moyo wangu nao haueleweki.

Dawe amelala kwenye kochi langu hapa Gungu, anakoroma. Dawe ndivyo tunavyomwita baba kwa Kirundi, na huyu wa kwangu ana kipaji cha kukoroma hata akiwa ameketi wima. Katoka kambi ya wakimbizi kwa kibali cha kuja kung'olewa jino, na kibali kinaisha kesho. Jino lilitoka jana. Leo tukawa na siku nzima ya kwetu, nikampeleka Ujiji kuangalia milango ya zamani.

Yeye alidhani tunatembea tu. Mimi nilikuwa na njama yangu.

Baba yangu ni mchonga mbao. Huko Burundi alichonga mlango wa kanisa la parokia yao, wenye malaika na mizabibu. Sijawahi kuuona, maana nilizaliwa huku, ila mama alipokuwa hai aliusimulia mpaka nikadhani nimeugusa. Tangu wavuke mpaka, Dawe hajashika patasi. Nyumba yake kambini ina mlango wa makopo ya mafuta ya msaada, yamepondwa yakanyooshwa yakagongelewa kwenye miti. Ukimuuliza anakwambia mlango wa mbao ni wa nyumbani, na pale si nyumbani. Juzi waumini wenzake wamemaliza kanisa la matofali, wakamwomba awachongee mlango. Akakataa.

Kwake, kuchonga mlango kambini ni kukubali kuzikwa huku. Anasema hivyo hivyo, bila kupepesa macho.

Mimi namwona anazeeka. Mikono yake imekaa bure mapajani, na inaniuma kuiangalia. Nilitaka aione kazi nzuri ya mbao, basi, labda imchokoze.

Bi Zuhura wa Ujiji ni mteja wangu, namshonea magauni. Mlango wa nyumba yake ni wa miaka mingi, umechongwa maua na minyororo, na juu kwenye kizingiti kuna aya ya Kurani. Nilimsikia Dawe akivuta pumzi tulipofika. Hata kuitikia shikamoo ya Bi Zuhura alisahau, ikabidi nimfinye.

Akanyoosha mkono kugusa maandishi. Bi Zuhura akamzuia kwa upole: yale ni maneno ya Mungu, hayaguswi hivi hivi, kwanza kunawa. Akaingia ndani akatoka na birika na beseni, akamimina maji.

Sasa baba yangu ni Mkatoliki wa kufa na kupona. Kaona mlango mtakatifu, kaona maji mlangoni kama yale ya baraka kanisani. Akachovya vidole kwenye beseni, akapiga ishara ya msalaba, taratibu, macho kafumba.

Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Zuhura alimtazama, kisha akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Haya mzee, umenawa kikwenu. Sasa nawa kikwetu." Akammiminia tena, mikono mpaka viwikoni, na Dawe akanawa kama mtoto anayeandaliwa chakula. Nilimpenda sana yule mama kwa dakika ile. Nilimpenda na baba yangu pia, na aibu yake yote.

Ndipo akagusa. Akapitisha kidole kwenye kila mkunjo wa herufi asizojua kuzisoma. Akainama, akachungulia pembeni, akashangaa kuona mlango hauna bawaba. Ubao wenyewe una ncha mbili za mti, moja juu na moja chini, zimeingia kwenye matundu na mlango unazunguka humo. Akamuuliza Bi Zuhura: kwa hiyo unanyanyuliwa unatoka?

Unatoka. Bi Zuhura akasema babu yake ndiye aliyeuchonga, mtu wa Manyema kutoka ng'ambo ya ziwa, na kila masika alikuwa akisema kiangazi anarudi kwao. Nyumba aliyouwekea ilianguka, wanawe wakaunyanyua wakahama nao. Hii ni nyumba ya tatu kwa mlango huo.

"Na babu alirudi?" Dawe akauliza.

"Yupo hapo nyuma ya msikiti."

Basi, nikajua njama yangu imekufa. Nimemleta baba kwenye kaburi lile lile analolikimbia. Kwenye bodaboda ya kurudi nilijilaumu njia nzima.

Mezani alitafuna samaki, mgebuka wa ziwani, kwa upande mmoja wa mdomo. Mume wangu, Muha wa Simbo asiye na makuu, alikuwa akiwachambulia watoto miiba. Dawe akaweka tonge chini.

"Nitawachongea mlango wa kanisa. Ila wa ncha, hakuna bawaba. Siku ya kurudi tunaunyanyua, tunaenda nao."

Nilitaka kushangilia. Akaniwahi.

"Ni mzito, mwana wanje. Mtu mmoja habebi. Mimi nitashika upande mmoja. Wewe utashika wa pili?"

Mume wangu hakuinua macho kutoka kwenye samaki. Wanangu walikuwa wakigombania kichwa cha mgebuka kwa Kiha, maana Kirundi chao ni cha kuombea maji tu.

Nikamjibu, "Ego, Dawe." Ndiyo.

Akatabasamu na pengo lake jipya, akaenda kulala.

Sasa ni jioni, nimekaa na simu mkononi naandika. Kesho nampandisha gari la Kasulu arudi kambini, na wiki ijayo huenda atakuwa na patasi mkononi. Nimefurahi mno, sitaki kudanganya. Furaha hiyo nimeinunua kwa neno moja, la kwenda naye Burundi, nalo lilinitoka upesi kwa sababu nampenda.

Namwona mume wangu kupitia mlango wa jikoni, anaosha vyombo ingawa si zamu yake.

Siku hiyo ikifika, nitashika?