Upime Homa ya Ini Kabla Hujajifungua

Mwanza

Kwa mdogo wangu Mwanahamisi, Kiwangwa.

Assalamu alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea, marahaba. Mama anaendeleaje na magoti? Na wewe, hiyo mimba haikuchoshi? Mimi nala na kulala vizuri, ila yapo ya kueleza. Nimeandika kwa sababu nikipiga simu mnaweka spika, na haya nataka uyasome peke yako kwanza.

Kazi yangu hapa hospitali unaijua, usafi. Mwezi uliopita nilikuwa nabeba mfuko wa taka, sindano iliyotupwa humo ikapenya glavu ikanichoma kidole. Nikaosha kwa sabuni na maji ya bomba, sikukikamua, nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi. Siku ileile nikapimwa damu na kuanzishiwa dawa za kuzuia Ukimwi. Zilinitia kichefuchefu, lakini nimezimaliza. VVU sina mpaka sasa. Nitarudi kupima tena.

Kilichoonekana ni kingine: homa ya ini, ile ya B.

"Basi sindano imeniponza," nikamwambia daktari.

"Hapana. Ya sindano isingeonekana mapema hivi. Hii unayo muda mrefu, huenda tangu kuzaliwa. Mama yako amewahi kupima?"

Nikarudi wodini kumalizia kudeki.

Ini langu bado zima, nahudhuria kliniki. Sasa wewe nenda kituo cha afya, uwaambie wakupime homa ya ini B. Usingoje uchungu. Ukikutwa nayo, wakunga wajue mapema, mtoto achanjwe mara tu anapozaliwa. Usipokutwa nayo, waulize chanjo yako mwenyewe. Shemeji naye apime. Na ule wembe mmoja tuliokuwa tukinyolewa nao wote uani, basi tena. Kila mtu awe na wake. Sahani na vikombe haviambukizi, msije mkamtenga mtu.

Mama usimwambie bado. Nitampigia mwenyewe Ijumaa baada ya swala. Naye inabidi apime, lakini nataka asikie kwangu kwamba hakuna anayemlaumu. Hata yeye hakuwa na wa kumwambia apime.

Nisalimie shemeji, shangazi wa mananasi, na mjomba wetu mwadhini.

Mtoto akizaliwa, kabla hujanitajia jina lake, niambie kwanza kama amechanjwa.

Ni mimi kaka yako,
Selemani