Beseni Likijaa

Mama Naliaka,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Tangu tulipokuzika kule nyumbani, karibu na Malakisi, sijakuandikia wala kukutamkia neno. Wengine huzungumza na wafu wao wakifagia ua au wakiota moto. Mimi sikuzoea kusema na mtu asiyenijibu. Hata uliponinunia ulipokuwa hai, nilichukua gazeti nikangoja. Leo ninaandika kwa sababu nimetumwa. Aliyenituma ni mjukuu wako.

Nasimiyu amesimamishwa masomo. Alimpiga msichana mwenzake kwa sahani ya bati kwenye foleni ya chakula, akampasua juu ya jicho. Nilipoitwa shuleni, naibu wa mwalimu mkuu, ambaye niliwahi kumfundisha, alinipisha kiti chake, akasema, "Mwalimu, sisi ulitunyoosha. Sasa huyu wako tumfanyeje?" Nikauliza chanzo cha ugomvi. Yule msichana alikuwa amemwambia Nasimiyu, "Ati shosho yako alikufa na haukulia hata kidogo. Si useme tu ulikuwa unamchukia."

Ni kweli hakulia. Jeneza lako liliposhushwa alisimama wima, na wazee wa kanisa wakamshika bega: "Huyu ni mtoto jasiri, bana!" Nami nikaona fahari. Tulimsifu sote, na tangu siku hiyo hajathubutu kutuangusha.

Wewe ulikuwa na njia yako. Mtoto akija na hasira, awe wetu au wa jirani hapa Tuwan, hukumuuliza kitu. Ulimpa beseni na mahindi ya kupukuchua, ukaketi ubavuni pake, ukapukuchua naye. "Jaza kwanza," ulisema. "Likijaa nitakuuliza." Nikiwa chumbani nilisikia punje zikidondoka, kisha kimya, kisha sauti yako ya chini, kisha mtoto akilia, na baadaye, ajabu, kicheko. Binti yetu Naliaka, kabla ya kwenda Uarabuni kutafuta kazi na kutuachia Nasimiyu, mwanawe, alijaza beseni hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote. Nilikutania kwamba hasira za watoto ndizo zinazotupatia ugali. Ukacheka. Sikuwahi kuinuka niende kusikiliza.

Basi tuliporudi kutoka shuleni nilitoa gunia, beseni lako na vigoda viwili. Niliketi ubavuni pake. Nilisema maneno yako kama ulivyoyasema. Alipukuchua bila kuinua kichwa mpaka beseni likajaa, kisha akaweka mikono magotini, akanitazama, akangoja.

Mama Naliaka, swali silijui.

Nikauliza nililokuwa nalo: "Umetambua kosa lako?"

"Ndiyo, Kuka," akajibu, akiniita babu kwa lugha yetu kama ulivyomzoesha.

"Utalirudia?"

"Hapana, Kuka."

Akavuta karai, akaanza upya. Amefanya hivyo kila siku tangu hapo. Sufuria zimejaa, ndoo zimejaa, vidole gumba vyake vimetoka malengelenge. Kila chombo kilipojaa alinitazama, nami nikauliza jambo lingine: juu ya adabu, juu ya masomo, juu ya jina la familia. Alijibu yote kwa heshima. Jana gunia la mwisho likaisha.

"Kuka, mahindi imeisha," alisema. "Umeniuliza vitu zote, na bado haujaniuliza."

Nikamsihi aniambie ulikuwa ukimuuliza nini. Mimi, nikamsihi mtoto.

"Si umuulize Kukhu mwenyewe," akasema, akaingia jikoni.

Nilipomfuata nilimkuta juu ya kigoda, anafungua yale mahindi ya mbegu uliyoyaning'iniza juu ya meko, meusi kwa moshi, yenye mafundo ya mikono yako. Nilipiga kelele ambayo sijapata kuipiga hata darasani: "Hayo ni ya Kukhu wako! Yaache!" Sauti yangu ilikatika katikati. Alishuka na hindi moja mkononi. Alinikazia macho, kisha akasema polepole, "Kumbe na wewe."

Niliingia chumbani nikafunga mlango.

Dada yako wa Lugulu amepiga simu. "Shemeji, nipe huyo mtoto," amesema. "Wewe utamvunja." Sikumbishia. Shule nayo inataka Jumatatu nisimame mbele ya wazazi wa yule msichana niwaahidi kwamba jambo hili halitatokea tena. Nitaahidije yaliyo moyoni mwa mtu nisiyejua hata kumuuliza? Nimewafundisha watoto wa watu kusimama wima, kunyamaza, kusema tafadhali na ahsante. Hakuna hata mmoja niliyemfundisha afanye nini kifua kinapomjaa. Mimi pia sikufundishwa. Nilikuwa na wewe, nikadhani hiyo inatosha.

Nikimpeleka Lugulu, huenda akapona, nami nitabaki na ndoo za mahindi zisizo na mlaji. Nikimweka hapa, sijui kama ninamweka kwa faida yake au kwa kuwa ninaogopa nyumba hii. Nimeomba, sijasikia kitu. Sina tumaini kubwa, na sitakudanganya kwamba ninalo.

Asubuhi hii nilikuta lile hindi la mbegu mezani, juu ya gazeti langu, halijapukuchuliwa. Kando yake palikuwa na beseni lako. Alikuwa amemwaga yote yaliyokuwamo, akalifuta, akaniwekea likiwa tupu. Mlangoni ameweka vigoda viwili, ubavu kwa ubavu. Kimoja amekikalia yeye. Yuko hapo mpaka sasa ninapoandika, amenipa mgongo.

Sijainuka. Zamu ya kulijaza, nadhani, ni yangu.

Pumzika, Mama Naliaka. Jumatatu haiko mbali. Nikishaamua, nitakuandikia wewe kabla sijamwambia dada yako wala mwalimu yeyote.

Mimi wako,
uliyekuwa ukimwita Mwalimu hata nyumbani