Kabla Ufuta Haujazama

Alhamisi, 30 Januari

Mawingu yamefunguka baada ya isha. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Issa akaita kutoka uani, njoo, njoo upesi. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria.

Ndivyo tunavyofanya tangu daktari mmoja wa misheni arudi kwao na kutuachia darubini. Yeye anatafuta, mimi natazama. Leo ameanza na wingu la Orioni, kisha lile la Tarantula kule kusini. Tarantula naipenda zaidi. Iko kama sufi iliyochambuliwa vibaya.

Mimi sijawahi kutafuta kitu nikakipata. Nikiishika darubini inakwenda penye giza tupu. Issa ananicheka. Amesema mwezi wa sita, mvua zikiisha, atanifundisha, na tutaanza na Ufuta. Hilo ni jina letu wenyewe. Vitabuni unaitwa Omega Centauri, kundi la nyota zilizojazana hadi hazina nafasi. Ukiutazama ni ufuta uliomwagwa kwenye kitambaa cheusi. Unakaa vizuri jioni za Mei na Juni. Ikifika Septemba umeshazama, mpaka mwakani.

Ugali ulishika chini. Lawama nimepewa mimi.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua kutwa. Issa amekitoa kioo cha darubini kwenye bomba lake akakiosha kwa maji ya mvua. Anamimina tu, hasugui, hakigusi hata kwa kidole. Nikamwambia hata mimi sijashikwa kwa adabu hiyo. Amekiacha kikauke ndani ya beseni, stoo, na kitambaa juu yake. Jumapili atakirudisha.

Kesho anakwenda Ruangwa kufunga sola kwenye paa la duka. Shati lake la kazi limechanika kwapani. Nimelishona.

Jumapili, 9 Februari

Issa amefariki. Jana. Bati lilikuwa limelowa, akateleza. Wamemleta kwa gari la mtu nisiyemjua.

Wamemzika leo mchana. Mimi nilikuwa ndani na wanawake.

Siwezi.

Alhamisi, 13 Februari

Niko eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii. Gauni moja la kijivu na jingine la kubadilisha. Hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kutoka.

Mama amekuja kutoka Nandagala kukaa na mimi. Ni mama yake Issa. Issa ndiye mtoto pekee aliyekuwa amembakia, na sisi hatukujaliwa watoto. Kwa hiyo tumebaki wawili, mimi na yeye, na hatujawahi kukaa pamoja zaidi ya wiki moja.

Halii mbele yangu. Anafagia. Anafagia hata palipofagiliwa. Jana jua lilipozama nilitaka kukaa uani kidogo, akaniwekea mkono mlangoni. Watu watasema, akaniambia. Nimechoka kupewa pole na nimechoka na watu watakaosema.

Jumamosi, 1 Machi

Leo walikuwa wanautafuta mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka walikuwa wanajazana uani kwetu, wazee kwa watoto, Issa anauwinda kwa darubini na kila mtu anataka kuona kwanza. Mwaka huu wamesimama barabarani. Nimewasikia wakibishana, yule pale, hapana, lile wingu. Hakuna aliyebisha hodi. Wamefanya adabu. Adabu yao imenichoma kuliko kama wangeingia.

Dirisha langu linatazama kusini. Mwezi mwandamo hauji upande huo.

Jumatano, 19 Machi

Nashona nguo za Idi za watoto wa watu. Maua, vifungo, mikanda ya utepe. Wateja wanazipitisha dirishani.

Usiku umeanza kuwa mweupe kidogo, mawingu yamepungua. Nimeuona Msalaba wa Kusini kupitia nondo za dirisha, umelala ubavu, chini. Juu yake Issa angekuwa anahangaika na wingu la Carina. Angekuwa ameniita mara tatu.

Nimelia, nikanyamaza, nikaamua. Nataka kitu kimoja tu. Nikitoka eda nautafuta Ufuta mwenyewe, kwa darubini yake, kwa mkono wangu, kabla haujazama. Si kwa ajili ya mtu. Nisipoupata mwaka huu sitaugusa tena, najijua.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka ya majirani zetu. Mama Furaha, wa nyumba ya pili, ameleta sahani ya pilau na akakaa na mimi bila kusema neno. Mtu wa kwanza aliyenyamaza tangu Februari. Nampenda kwa hilo.

Mvua wiki ya tatu. Sijaona nyota hata moja. Nakula, nashona, nalala. Mama anakoroma. Issa naye alikuwa anakoroma hivyohivyo, kumbe alirithi. Nalala macho namsikiliza.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekatika kweli. Anga limeoshwa.

Nimejifunza kitu kupitia dirishani. Kushoto kwa Msalaba kuna nyota mbili kali, jirani. Issa alikuwa anaanzia pale, nakumbuka mkono wake ukipanda. Kutoka ile iliyo karibu na Msalaba unapanda hadi nyota ya wastani. Kisha unaongeza umbali uleule. Hapo ndipo Ufuta ulipo. Na hapohapo ndipo upenu wa bati unapokata. Nyumba hii ina roho mbaya.

Nikalala chali sakafuni, kichwa chini ya dirisha, nipate kuona juu zaidi. Mama akaingia na taa, akapiga kelele. Alidhani nimezimia. Ikabidi nimweleze. Nikamwambia kuna nyota mwanawe alikuwa anazipenda, na kile kioo kilichoko stoo ndicho kinachookota mwanga wake na kuuleta machoni. Akasikiliza amesimama. Akauliza, "Bila kile kioo hazionekani?" Nikasema hazionekani.

Akakaa kitandani kwangu muda mrefu. Sijui alikuwa anawaza nini. Issa hakuwahi kumwonyesha, kila akija hapa ulikuwa msimu wa mvua.

Jumatatu, 2 Juni

Mama amenunua salfa ya kupulizia mikorosho yake hapa mjini, ataibeba akirudi. Mifuko iko stoo. Mmoja umepasuka. Vumbi la njano kila mahali, kwenye unga, kwenye nyuzi zangu, puani. Nilimsemesha kwa ukali. Akaomba radhi kama mtoto, na mimi nikaona haya, lakini hasira haikuisha.

Sijaingia stoo. Kile kioo sijakitazama tangu Issa akiweke. Nakiacha siku yake ifike.

Jumatatu, 16 Juni

Eda imeisha leo.

Wanawake walikuja asubuhi. Nimeogeshwa, nimevalishwa kanga mpya, dua imesomwa. Ubwabwa umeliwa. Watu wamenikumbatia na kwenda zao. Mimi nilikuwa nahesabu tu jua lishuke.

Alasiri Mama akaniita stoo. Alikuwa amefurahi, mara ya kwanza nimwone hivyo. Tangu jana alikuwa anasugua vyombo vya shughuli, masufuria na sinia, kwa majivu na limau, kama wanavyosugua wote. Akanyanyua beseni.

"Mwanangu, hii sahani ya kioo ya Issa iliingia salfa yangu, niliona haya. Nimeosha. Na kulikuwa na uchafu mwingine mweupe, umeganda, unakataa. Nimesugua jana, nimelaza na majivu usiku kucha, leo nimesugua tena. Umetoka wote. Tazama, unaona mpaka chini."

Nikaona mpaka chini. Nikaona vidole vyake upande wa pili wa kioo.

Uchafu ule mweupe ndio kioo chenyewe. Ile rangi ya fedha iliyopakwa juu yake, nyembamba kuliko karatasi, ndiyo inayorudisha mwanga. Kilichobaki ni kipande cha chupa.

Nikasema, "Ahsante, Mama." Nikaenda bafuni nikafunga mlango nikauma kanga mpya.

Namchukia. Naandika ili nisimwambie. Namchukia, na limau lake, na mifuko yake. Miezi yote hii nimesubiri kitu kimoja. Issa hakukigusa kwa kidole.

Kisha akaja kugonga. Alikuwa ameshavaa shali lake. Anataka kuona alichokuwa anakiona mwanawe. Amesubiri eda iishe ndipo aniombe, hakutaka watu waseme kwamba alinitoa nje yeye.

Jumanne, 17 Juni

Sikuweza kumalizia jana. Namalizia sasa, asubuhi.

Nilikirudisha kioo kwenye bomba. Sikujua la kufanya jingine. Skrubu tatu, nilikuwa namwona Issa akizikaza. Tukaibeba darubini uani, mimi mbele, yeye nyuma, anahema. Msalaba ulikuwa umesimama wima juu ya choo cha Mama Furaha, na zile nyota mbili pembeni. Baada ya miezi yote ya nondo, anga lilikuwa kubwa mno. Niliogopa.

Nikaanza. Nyota ya kwanza niliipata, ikaonekana hafifu, kama kibatari kinachokaribia kuzima. Hapo nikajua kioo hakijafa kabisa, kinarudisha tone. Nikapanda. Nikapotea. Nikarudi, nikapanda tena. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Shingo ikauma. Nikapotea tena, nikamtukana Issa kimoyomoyo kwa kutonifundisha mapema. Kisha kwa mara ya sijui ngapi nikapita juu ya kitu.

Nikasimama. Nikarudi nyuma kidogo.

Ulikuwepo. Haukuwa ufuta. Hakuna punje hata moja. Alama tu, kama mahali mtu alipogusa kioo kwa kidole chenye mafuta. Lakini ulikuwa wenyewe, mahali pake, na niliupata mimi.

Nilitaka kumwambia mtu. Mtu mwenyewe hayupo.

Nikamshika Mama bega nikamwinamisha. Alihangaika, akafumba jicho lililotakiwa kutazama, nikamwelekeza. Kisha akasema, "Naona kama moshi." Nikamwambia ndio huo.

"Ndio huu uliokuwa unamtoa nje kila siku, anaacha chakula chake kinapoa?"

Nikasema ndiyo, Mama. Ningeweza kumweleza. Ningesema ulikuwa mzuri, Mama, ulikuwa unameremeta, wewe ndiye uliyeufuta. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Kidogo hivi," akasema. Na hakutoa jicho. Ufuta ulikuwa unatoka polepole kwenye lenzi kama nyota zote zinavyotoka, akawa anausogeza uso wake kuufuata, hajui kwamba ni bomba ndilo linalosogezwa. Nikawa nalisogeza mimi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona analia, na amelia akiwa ameinama hivyohivyo, jicho kwenye lenzi.

Sitamwambia. Nimeamua. Si wema. Sina nguvu ya kuzika kitu kingine na yeye akitazama.

Jumamosi, 21 Juni

Mama ameondoka kwenda Nandagala na mifuko yake. Mikorosho imeanza kutoa maua, haingoji. Nilimpeleka stendi. Njiani alikuwa ananiambia namna ya kuhifadhi kisamvu kisichachuke. Basi lilipoanza kuondoka akanishika mkono kupitia dirishani, akaushika mpaka nikalazimika kutembea nalo.

Nimerudi. Nyumba ina harufu ya salfa. Sijafagia.

Nimeuliza Dar kwa mtu aliyekuwa anamuuzia Issa vifaa. Kupaka kioo upya hakufanyiki huku, ni mpaka nje ya nchi. Nikamshukuru nikakata simu.

Jumanne, 24 Juni

Nashona. Sare za shule, magauni ya harusi ya mtu fulani. Jioni nafunga mlango mapema.

Ajabu. Miezi minne nilikuwa napigana na mlango ule. Sasa hakuna anayenizuia, na sitoki. Jua likizama naingia chumbani navuta pazia. Darubini nimeifunika shuka kubwa. Uani sipiti hata kwenda chooni nikiweza.

Nimeuona mara moja, vibaya. Imetosha. Najidanganya kwamba imetosha.

Alhamisi, 26 Juni

Nilikuwa nimeshajilaza, saa mbili ya usiku tu. Simu ikalia. Mama, na simu yake ya kitochi, anapaza sauti kana kwamba Nandagala ni ng'ambo ya bahari.

Yuko nje kwake. Amekaa kwenye mkeka. Kuna giza zuri, anasema, na nyota ni nyingi mno, anashindwa aanzie wapi. Ule moshi wa Issa uko upande gani?

Nikamwambia atazame kusini, kama anaelekea kisimani. Atafute Msalaba. Akaupata. Zile nyota mbili kali kushoto. Akazipata. Kutoka ile ya karibu na Msalaba apande, kama mtu anapanda ngazi, hadi nyota ya wastani, kisha aongeze umbali uleule. Kwa macho matupu ni nyota moja yenye ukungu, nikamwambia, asitarajie makubwa.

Nikasikia mbwa wa kwake.

Akasema, "Pana kitu. Au macho yangu." Kisha akasema hapana, kipo, kipo.

Tukakaa hivyo, vocha inaisha na hakuna anayekata. Mwishowe akaniuliza kama na mimi niko nje, kama tunautazama pamoja.

Nikamwambia niko nje, Mama. Kisha nikatafuta kandambili chini ya kitanda, nikafungua mlango wa uani nikatoka.