Akina Juma Hamisi na Faili Moja

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Kimamba, Kilosa, sote wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mpunga wa shamba la Tindiga na maringo yake hayasemeki.

Unaniuliza kama uiweke wazi programu uliyoitengeneza chuoni, kila mtu aisome na kuirekebisha, au uifiche wasikucheke. Iweke wazi leo hii! Wanaoficha kazi zao ni waoga, na nitawaambia usoni.

Nikiwa mwanafunzi niliandika programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati. Mwalimu wetu akaiweka wazi bila kunibembeleza. Wiki haikwisha, kijana wa chuo kingine akaibadilisha. Nikamfuata hukohuko nikifoka, “Nani kakutuma uchezee kazi yangu?”

Akacheka. “Dada, umewatia akina Juma Hamisi wote katika faili moja. Huko kwenu Kilosa wako wangapi? Watameza dawa za mmoja!”

Programu ile nilikuwa nimeipitia mwezi mzima peke yangu, na kosa hilo sikuliona. Moyo ukanidunda kwa furaha. Nikavuta kiti, nikamwambia, “Haya, nionyeshe jingine.”

Bibi yako