Nani Atamsalimia Baba

Florina, Ugiriki, 9 Machi 1959

Mama mpendwa,

Kwanza nakubusu mkono. Kifua kinaendeleaje, na mbuzi je? Mimi mzima, ila usingizi umenipungua tangu nianze kazi hapa ofisi ya mkoa.

Nasikia Jumamosi ya Marehemu ulikwenda makaburini na ngano yako ya kuchemsha ya kuwakumbuka wafu, ukaongea na Baba kwa kikwetu mpaka ukasikika barabarani. Aliyekusikia amekuja kusema hapa. Mama, bado niko kwenye majaribio, na cheti changu cha uaminifu kiko polisi. Mtu ambaye mama yake anasema lugha ambayo serikali inadai haipo, hapewi cheti, na asiye na cheti hana kazi. Nakuomba uongee na Baba kwa Kigiriki, au moyoni tu.

Mwanao,
Anastasios

Kijijini, 22 Machi

Mwanangu Tase,

Barua nimeipata. Kifua hakijambo, na yule mbuzi mweupe amezaa pacha.

Nilirudi kaburini kujaribu Kigiriki chako. Changu ni kile cha shule ya jioni waliyotulazimisha kina mama, wewe ukiwa mgongoni; kwenye karatasi kinatosha, ila mdomoni hakitoki. Nikasimama, nikasema, "Hii ni penseli. Mbuzi anakula majani." Baba yako angedhani kajiwa na mtoza kodi. Shangazi yako Dosta akaniuliza, "We Mitra, sasa unamfundisha marehemu kusoma?" Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kuongea naye moyoni siwezi. Baba yako Gele hakuwa mtu wa kusikia ya moyoni hata alipokuwa hai.

Mama yako

Florina, 11 Mei

Mama mpendwa,

Nakubusu mkono. Natumaini pacha wananyonya vizuri.

Mkuu wangu ameniita. Jumapili ya tarehe 24 kijiji kizima kitaapa kwenye uwanja wa shule, mbele ya padri na wakubwa, kwamba hakitasema tena kikwetu. Mimi ndiye nitakayesoma kiapo, nyinyi mfuatishe. "Wewe si mtoto wa pale?" aliniambia, akatabasamu. Atakuwa anaangalia nani hayupo.

Simama mbele, Mama, uinue mkono. Ni maneno tu. Yatapita, na cheti kitatoka.

Mwanao,
Anastasios

Florina, 2 Juni

Mama mpendwa,

Nakubusu mkono. Tangu siku ya kiapo sijapata barua yako, na sijui kama u mzima.

Nilikuona mstari wa mbele, mkono juu. Cheti kimetoka. Lakini tulipofika nyumbani ulinipa mkate na jibini bila neno, na mbuzi ukawaita kwa kupiga makofi. Umenikasirikia?

Mwanao,
Anastasios

Kijijini, 8 Juni

Mwanangu Tase,

Mimi mzima, wala sijakasirika. Wewe uliniambia ni maneno tu. Lakini padri alikuwa ameshika picha ya Mama wa Mungu, na mimi niliinua mkono mbele yake, si mbele ya mkuu wako. Nikiapa, nimeapa. Basi nimenyamaza. Mbuzi wameshazoea makofi, na Dosta siku hizi ananitania kwa vidole.

Ila tarehe 20 ni Jumamosi ya Marehemu tena. Nani atamsalimia baba yako?

Nimeliwaza hilo nikikanda unga. Siku ile nilikuwa nakutazama wewe tu. Karatasi uliishika kwa mikono miwili. Hukuinua mkono, Tase. Kijiji kizima, ni wewe peke yako ambaye hukuapa.

Sikuombi. Najua cheti kile umekihangaikia vipi. Ngano nitachemsha.

Mama yako

Florina, 22 Juni

Mama,

Nakubusu tena mkono ule, ambao Jumamosi ulikuwa na sukari ya ngano.

Polisi aliyekuwa langoni mwa makaburi alisikia yote. Leo mkuu ameniuliza nilikuwa nikiongea na nani kwa sauti kubwa vile. Nikamjibu, "Na baba yangu. Hajui Kigiriki." Akasema nilete cheti. Kiko mezani kwake, na mpaka sasa hajaniita. Naogopa, Mama, siwezi kukuficha.

Lakini nakumbuka niliposema kuwa mbuzi mweupe amezaa, nikakwama. Miaka yote ya shule, na sikujua kikwetu mnasemaje "pacha". Nikakugeukia. Ukafunga mdomo vizuri, ukainua vidole viwili, na Shangazi Dosta akashindwa kujizuia kucheka.

Nikamwambia Baba, "Wawili." Nadhani alielewa.

Jumapili nakuja, nikiwa na kazi au bila kazi. Niwekee jibini.

Mwanao,
Tase