Kioo cha Nane

Jumatatu, 3 Juni
Vioo vyangu saba vya kupimia hewa vimesomwa kabla ya saa tano. Vitano viko kwenye vibanda vya kuchomea dhahabu Magamba, viwili kwenye karasha la kusagia mawe. Kila kimoja kimepakwa utando mwembamba wa dhahabu, laini, hauna hata kitundu. Mvuke wa zebaki ukipita unang'ang'ania usoni, ukinzani wa umeme unapanda, mimi naandika. Nafasi zikijaa, kioo hakishiki tena. Digrii yangu yote ndiyo hiyo: mvuke unashika kwa kasi gani na unakoma lini.

Cha nane kipo hapa Misunkumilo, kwenye kabati la vyombo sebuleni kwa kaka Elia, ninakoishi. Ni cha kulinganishia. Hakitakiwi kushika kitu. Kimepanda. Mita mbovu, labda.

Alhamisi, 6 Juni
Mita si mbovu. Nimeijaribu mara tatu. Cha nane kimepita hata vile vya kwenye karasha. Nimekasirika. Nimeandika namba kwa penseli, halafu nikaikata.

Wifi Jeni, mke wa Elia, kaniona nimenuna akaniletea viazi vya kuchemsha. Mimba ya miezi saba, miguu imevimba, bado hatulii. Ananiita profesa wa vioo.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekipeleka cha nane nyuma ya nyumba, nikakipasha moto kwenye hita, upepo ukipeleka mvuke porini. Zebaki yote imetoka. Kimerudi sifuri. Nimekirudisha kabatini. Tuone.

Jumanne, 11 Juni
Kimepanda tena. Mpumbavu huyu.

Nimempigia msimamizi wangu chuoni. Kasema kioo kina kasoro, nikitoe kwenye hesabu. Nimekitoa. Sasa mchoro unapendeza: mstari unapanda haraka, unapinda, unalala, karibu sawasawa na mlinganyo. Nimefurahi kama mtoto. Kioo nimekiacha palepale kabatini, karibu na vikombe vya wageni.

Jumapili, 16 Juni
Tumbo liliniuma, nikatoka kanisani kabla mahubiri hayajaisha. Nyumbani madirisha yote yamefungwa, mchana kweupe.

Jeni alikuwa jikoni, kakaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Koleo mkononi, juu yake donge la dhahabu na zebaki, zebaki inaruka, donge linageuka njano. Kajifunga khanga puani. Khanga!

Sikupiga kelele. Nilifungua madirisha. Mkono wake ulikuwa umetulia. Ndiyo maana anachoma yeye. Akanieleza: Elia anachimba, ila aliacha kupeleka donge lake vibandani Magamba, anasema wanampunja. Madirisha hufungwa ili majirani wasijue humu kuna dhahabu. Hufanya Jumapili nikiwa kanisani, na Jumatano nikiwa Magamba. Walinificha kwa sababu naongea sana.

Kioo kilisema kweli. Tangu nilipokata ile namba, Jeni amechoma mara tatu. Nilikuwa nayo mkononi. Najichukia.

Jumatatu, 17 Juni
Nimemweleza Elia kila kitu, polepole, bila maneno ya chuo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama alichomea humu humu, na wewe ukiwa tumboni. Mbona una digrii?"

Hakuna aliyempima mama. Hakuna aliyenipima mimi.

Jumatano, 19 Juni
Sikwenda Magamba. Nilificha koleo. Wakatumia kikaango.

Nimewaomba wachomee nje. Elia hataki, anaogopa wezi. Nimeomba basi achome yeye mwenyewe. Alijaribu, donge likamwagika majivuni, akamrudishia mkewe bila hata kuniangalia. Nikasimama mlangoni nikipepea kwa kawa la kufunikia chakula. Msomi mzima, kazi yangu kupepea.

Ijumaa, 21 Juni
Nimempeleka Jeni kliniki. Nesi kapima presha, kapima tumbo, kasikiliza mtoto. Yote mazuri. Nikauliza kuhusu zebaki. Hawana kipimo. Sampuli ipelekwe mbali, majibu yasubiriwe. Huenda mtoto akazaliwa kabla ya majibu. Nesi alinionea huruma mimi, si mgonjwa. Tulirudi na vidonge vya kuongeza damu.

Jumapili, 23 Juni
Madirisha yako wazi. Elia hakuleta donge wiki hii, jiwe halina kitu. Jumatano sijui.

Nimerudisha cha nane kwenye hesabu, namba zake zote, kwa kalamu ya wino. Mchoro umeharibika. Msimamizi atasema.

Mchana nikakitoa kabatini kukisafisha. Jeni akanifuata nyuma ya nyumba na kigoda chake. Nikamwambia akae mbali, upande upepo unakotoka. Akakaa. Nikawa namsomea namba zinavyoshuka, zikashuka hadi sifuri.

"Na mimi, wifi, utanipasha kwenye nini?" Akacheka.

Nilizima hita, nikaenda kukaa chini karibu yake. Akachukua mkono wangu akauweka tumboni. Mtoto akapiga teke. Akapiga tena. Nikaanza kuhesabu, maana ndicho ninachojua. Nilifika saba, akatulia. Tukabaki pale, mkono wangu palepale, tukisubiri la nane.