Maganga Anataka Ubatizo

Alhamisi, 6 Machi
Mafundisho ya watu wazima, kigangoni, saa kumi. Wamekuja wote na tope lao. Maganga naye. Kakaa benchi la nyuma, kofia mapajani. Anataka kubatizwa Pasaka. Katekista wa hapa Magamba ni mimi, na bila neno langu Padri hambatizi mtu mzima. Nalijua hilo tangu siku aliyojiandikisha. Nalitafuna taratibu kama muwa.

Somo la leo: tunajuaje kuwa Mungu yupo. Nimefundisha mbegu, nyota, mtoto tumboni. Mdomo ulifundisha. Moyo haukuwepo.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada, pole tena. "Pole mama, kazi ya Mungu." Kazi ya Mungu gani? Kiangazi kilichopita Maganga alichoma shamba lake bila kupita kwa majirani. Hapa kwetu hata mlevi anajua: unalima kinga ya moto kuzunguka shamba, kisha unapita mlango kwa mlango kusema unachoma lini. Yeye hakulima kinga, hakupita. Moto ukavuka mpaka. Ukamkuta Deo, mume wangu, kibandani shambani, homa imemlaza.

Mbele ya serikali ya kijiji Maganga akasema alikuwa amesimama palepale, upepo ukamzidi nguvu. Ikaitwa ajali. Mtu kawasha kiberiti, anasingiziwa Mungu.

Alhamisi, 13 Machi
Bibiana, msichana mkimya wa darasani, kauliza: kama Mungu ni mwema, mbona tunateseka? Jibu ninalo. Mungu alitupa hiari, nasi tunaitumia vibaya. Tena hakukaa mbali, Mwanaye mwenyewe aliteswa. Nimelisema lote. Nilipofika kwenye hiari nikamkazia macho Maganga mpaka akainamisha kichwa.

Raha niliyoipata siendi kuiungama.

Jumanne, 18 Machi
Nimejaribu kuacha kuamini. Shambani, nikipalilia. Nikasema kwa sauti: hakuna Mungu. Ikawa mbaya zaidi. Kama hayupo, basi zimeungua nyasi na mtu, basi. Hakuna aliyedhulumiwa. Ni upepo tu. Na mimi najua nimedhulumiwa, kama ninavyojua jembe hili ni zito. Dhuluma haiwezi kuwepo bila mwenye haki wa kuiona.

Kwa hiyo yupo. Nyota hazikunishawishi, hasira imenishawishi. Na kama yupo, ampige Maganga.

Jumamosi, 5 Aprili
Padri kaja kuwasaili. Hapa kigangoni swali la mwisho huuliza katekista. Langu nilikuwa nimelinoa tangu Kwaresima ianze.

"Maganga. Mungu alikuwa wapi moto ulipomla mume wangu?"

Nilitaka ababaike, niseme hayuko tayari. Padri kageuka kunitazama. Maganga kasimama.

"Mwalimu, Mungu sijui alikuwa wapi. Mimi nilikuwa kilabuni. Niliwasha nikaenda kunywa. Kule kijijini niliwadanganya."

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu. Nimempata.

Jumatatu, 7 Aprili
Nilivaa kitenge changu kizuri niende polisi Mpanda. Kituoni nikaambiwa Maganga katangulia na gari la alfajiri. Kajipeleka mwenyewe.

Kaninyima hata hilo. Nimerudi na kitenge changu, nina hasira ya mtu aliyeibiwa.

Alhamisi, 10 Aprili
Mke wa Maganga kapita hapa akienda kumpelekea chakula mahabusu. Kanisalimia. Sikuitikia. Benchi la nyuma lilikuwa tupu leo, nikafundisha vizuri sana.

Jumamosi, 19 Aprili
Mkesha wa Pasaka. Maganga bado yuko ndani. Wenzake wamebatizwa, Bibiana kalia. Mshumaa wa Maganga ulibaki kwenye boksi. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka wimbo wa Utukufu, kengele zikaanza kulia, watu wakapiga vigelegele. Hapo nikagundua ninatazama mlangoni. Nilikuwa namngoja Deo. Kumbe muda wote huu nilidhani Maganga akilipa, Deo atarudi.

Nimechoka.

Ijumaa, 12 Septemba
Maganga yuko nje kwa dhamana, kesi bado. Juzi alibisha hodi. "Mama, keshokutwa nachoma shamba. Kinga nimeshalima. Nimeanza kwako." Sikumkaribisha ndani.

Leo kachoma. Nilikwenda mpakani na tawi bichi, nikasimama upande wangu. Yeye akasimama wake, hakuondoka hata kunywa maji. Moto ulifika kwenye kinga ukafia hapo. Sijamsamehe. Moshi ule ulinitapisha.

Akauliza kwa mbali, macho chini, kama mafundisho bado yapo. Nikamwambia Alhamisi, saa kumi, asichelewe. Kisha nikaenda kuteka maji.